TIKETI HAIMBANI ABIRIA PEKE YAKE

(Mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wenzangu maskani, nao wakaniomba niyaandike)

Ndugu msomaji, keti kidogo tuzungumze habari ya kipande cha karatasi. Ukipanda treni unakitia mfukoni, ukishuka unakitupa. Leo nakuomba ukitazame vizuri, maana hicho ndicho kinga yako.

Nianze na kisa. Usiku mmoja nilikuwa daraja la tatu, behewa limejaa hadi mlangoni. Reli gani, stesheni gani, sisemi, kwa sababu sikuja hapa kumchongea mtu. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye watoto wawili na gunia la karanga. Dirisha la tiketi lilifungwa kabla ya zamu yake, naye akapanda hivyo hivyo. Akaja mkaguzi wa kwanza. Mama akatoa noti ya shilingi elfu kumi, ikapotelea ndani ya koti. Risiti haikuandikwa.

Mbele ya safari akapanda mkaguzi wa pili.

"Tiketi, mama."

"Nimeshamlipa mwenzako, mwanangu."

"Mwenzangu nani? Risiti iko wapi?"

Mama hakuwa na jibu. Saa nane za usiku akateremshwa na watoto wake kwenye stesheni isiyo na hata taa. Behewa zima tuliiona noti ile ikitoka. Hakuna aliyefumbua mdomo, na mimi mwandishi nikiwemo.

Sasa nani mkosaji? Utasema mkaguzi wa kwanza, na ni kweli, yule ni mwizi. Lakini tusidanganyane. Wizi ule ulihitaji watu watatu: wa kupokea, wa kutoa, na wa kunyamaza.

Je, unajua tiketi hii imetoka wapi? Miaka ya 1830 huko Uingereza alikuwapo mtumishi wa reli aitwaye Thomas Edmondson. Enzi hizo karani aliandika tiketi kwa mkono, moja moja, na nani angejua kwa hakika ameuza ngapi? Edmondson akabuni tiketi za kadi ngumu zilizochapwa namba kwa mfululizo. Jioni unatazama namba ya kwanza na ya mwisho, hesabu inajisema yenyewe. Kadi zile zilienea duniani, na wazee wetu waliopanda treni za Afrika Mashariki wanazikumbuka. Umeona? Namba ile iliwekwa imchunge karani kama inavyomchunga abiria.

Kwa hiyo wajibu wako, ndugu abiria, si unyenyekevu kwa mwenye sare. Kata tiketi kabla ya kupanda. Panda daraja ulilolilipia. Mzigo mkubwa ulipie. Tunza tiketi mpaka utoke nje ya stesheni, na ukiombwa itoe bila matusi. Ukifanya hivyo unapata nguvu ya kumdai naye wajibu wake: ajitambulishe, akusemeshe kama mtu, na kila shilingi anayopokea aiandikie risiti. Asiyekata tiketi hana mdomo wa kudai. Nasema hivi nikijua, maana na mimi nimewahi kudandia.

Tena liko kubwa kuliko nauli. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Siku ya msiba kama ule, ndugu wanakimbilia stesheni kuuliza nani alikuwamo. Aliyelipia mkononi hayumo katika hesabu yoyote. Elfu kumi ya kotini imemfuta kabla hajafa.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, sasa kuna treni ya umeme. Ni kweli, treni hiyo ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo, na tiketi zake ni za kielektroniki. Ni hatua, tusibeze. Mashine haili hongo. Lakini mashine haikai yenyewe. Nyuma yake yuko mtu, na mtu huyo tunamlea sisi. Tukimzoesha kupokea bila kuandika, ataitafuta njia ya kuizunguka hata mashine.

Basi siku ukiiona noti inaingia kotini, usisubiri mkubwa aje kutoka mjini. Sema hapo hapo, kwa upole, wote wasikie: "Kaka, mwandikie mama risiti yake." Ni maneno matano tu. Mimi usiku ule yalinishinda.