Maziwa Mabichi na Afya Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nasimama mbele yenu kwa adabu, maana nitakalolinena lagusa desturi. Maziwa kwetu ni heshima ya mgeni na nguvu ya mtoto. Sikuja kuyatukana, bali kuwaonya juu ya vijidudu viwezavyo kukaa ndani yake kabla hayajachemshwa.

Mwaka 1887, katika kisiwa cha Malta, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aligundua kijidudu kilichokuwa kikiwaua askari kwa homa. Ikapita miaka 18 bila kujulikana chatoka wapi. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, mwenyeji wa Malta, alitambua kuwa mbuzi walioonekana wazima walikuwa nacho. Mwaka 1906 askari wakaondolewa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua upesi.

Ugonjwa huo, brusela, upo hapa Kenya. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, mgongo na viungo huuma. Wengi hudhani ni malaria, wakanunua dawa isiyofaa, na miezi ikapita bila kazi wala mshahara. Tiba yake huchukua yapata majuma sita. Maziwa mabichi yaweza pia kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na kuharisha kwa watoto wachanga.

Mzee aweza kuuliza: mbona babu zetu waliyanywa? Naam, waliyanywa, na miongoni mwao wako waliougua homa zisizojulikana asili yake. Wengine hutumainia uchachu wa maziwa lala, au moshi wa kibuyu. Uchachu hautoshi kuua brusela. Na moshi hutengeneza kibuyu, hauyapiki maziwa.

Kinga yake ni moto. Viwandani maziwa hutiwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15; nyumbani yatosha yachemke hata yapande sufuriani. Apendaye maziwa lala na ayachemshe kwanza, yapoe, ndipo ayagandishe katika chombo safi. Tena ng'ombe akiharibu mimba, tusishike kondo kwa mikono mitupu. Tumwite daktari wa mifugo.

Makaa yana bei, najua. Lakini majuma sita ya dawa yana bei kubwa zaidi. Nawasihi wazee, ninyi mlio na kauli nyumbani, mtoe amri hii: kikombe cha mtoto kisitiwe maziwa yasiyochemka.