Barua za nkambo wa Pweto

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama mu mkutano mkubwa wa asosiasio, Lubumbashi



Komite ilituomba tuseme dakika kumi juu ya kazi ya barua. Tulisema karibu makumi tatu, na mwenyekiti aliangalia saa yake mara mbili, tulimuona. Sasa inatuomba tuyaandike kwa gazeti letu. Tumeyaandika karibu sawa vile tulivyoyasema.

Wengi wenu hamuna haja ya kufundishwa barua ni kitu gani. Munakumbuka Desemba 2000, wakati Pweto ilianguka. Wengine walivuka kwenda Zambia, wengine walishuka huku Lubumbashi, nyumba moja ikagawanyika mara mbili, mara tatu. Mu kambi ya Kala na ya Mwange watu wa Msalaba Mwekundu walipita na karatasi yao: unaandika habari yako, ndugu yako anajibu, karatasi inarudi. Haikufungwa mu bahasha. Ilibaki wazi, ili isomwe kwanza, waone kama ni habari ya jamaa tu, hakuna siasa, hakuna vita. Mama mmoja anayekaa mbele yetu hapa alituambia ile karatasi yake ya Kala ingali mu valisi, chini ya nguo za ndoa.

Tangu 2007 wengi walirudi na HCR. Halafu 2017 watu wa Pweto na wa Tanganyika wakakimbia tena. Safari hii ilikuwa Kenani, na tangu Januari 2018 Mantapala, kule Nchelenge. Desemba 2021 malori ya kurudi Pweto yakaanza kutembea tena.

Nkambo ambaye tunasema habari yake alipita mu njia hii yote. Mara ya kwanza alivuka akimshika binti yake mkono. Mara ya pili alivuka na majirani, kwa sababu binti alikuwa amekwisha kushuka Lubumbashi na batoto wake, na leo anakaa Ruashi, anauza makala. Majina hatuyataji. Nkambo mwenyewe alitukataza: “Mutasema habari, jina muniachie.”

Kazi yetu ni hii. Mmoja wetu anapanda na kamyo kupitia Kasomeno na Kilwa mpaka Pweto, anaingia mu vijiji, anaandika maneno ya wazee ambao hawajui kuandika, anashuka nayo. Huku Lubumbashi tunazunguka Ruashi, Katuba, Kenya, tunasoma, tunapokea majibu. Mu kiangazi inaendelea vizuri. Mu mvua, anayepanda hawezi kukuambia siku ya kurudi.

Rafiki mmoja anayetusaidia alituuliza: kwa nini hamutumii simu? Tunaitumia. Lakini mu kijiji cha nkambo unapanda kilima kutafuta rezo, na mtu wa miaka yake hapandi kilima. Tena tulisikiliza namna watu wanaongea wakati inite ni kidogo: “Uko muzima?” “Niko muzima.” “Batoto?” “Beko bazima.” Inakatika. Wamesalimiana, ni vizuri, lakini hakuna mtu aliyepata habari.

Sasa kosa letu. Tunalisema wazi kwa sababu pesa ya kazi hii ni yenu.

Mwanzoni tulikuwa na fomu. Nusu ya karatasi, mistari ine: afya, nyumba, maji, haja. Tuliipenda. Inajaa haraka, inaingia vizuri mu raporti. Siku ya kwanza nkambo alikaa kwenye kigoda chake na akasema karibu saa nzima. Alisema juu ya kuku, juu ya mwembe uliokatwa wakati hawakuwepo, juu ya jirani aliyechukua sufuria na kuirudisha bila kifuniko, juu ya kilio cha mzee mmoja ambapo watu walikula kuliko walivyolia. Siye tulingoja amalize. Halafu tukaandika: Afya, nzuri. Nyumba, kuta zimesimama, nyasi bado. Maji, pompi, ndiyo. Haja, shuka mbili.

Tukashuka na ile karatasi mpaka Ruashi, tukamsomea binti yake. Alituangalia muda mrefu. Akasema: “Hii si mama yangu. Mama yangu haombake shuka kwa mutu. Na mayi ya pompi hanywake.” Aliamini tuko waongo, watu wa kutafuta shuka kwa jina la wazee wa wengine. Akatuonyesha mlango kwa heshima. Mu raporti tuliandika: familia haikujibu. Tulikasirika hata kidogo, tuseme kweli.

Ikapita miezi tano.

Mu mwezi wa tatu mmoja wetu alizuiwa na mvua mu kijiji kile siku tatu. Fomu zilikuwa zimelowa. Kulikuwa kaye ya masomo na biki tu, na nkambo alikuwa na wakati. Kwa hiyo akaandika yote, sawa vile alivyosikia, kurasa ine. Hakusahihisha. Pale nkambo alisema “balikufa”, aliandika “balikufa”, hakuweka “walikufa”. Juu ya jambo hilo tuligombana ku ofisi baadaye. Kuna wenzetu waliosema barua ya shirika lazima iwe na Kiswahili bora. Mwingine akakumbusha kwamba mu 1965 wazee waliofanya kazi mu nyumba za wazungu hapa hapa Élisabethville walitoa habari yao yote ya mji, Vocabulaire, André Yav njo aliiandika, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, na wasomi wa Ulaya wakaja kuisoma sawa vile ilivyo. Wale nao walikuwa asosiasio. Majadiliano yakaisha pale.

Mu ile kaye kulikuwa maneno haya, tunayanakili kwa ruhusa yake:

“Mwanangu, jambo. Miye niko muzima, sijui kwenu. Kuku tatu balikufa, moja iko inalalia mayai. Mihogo ya nyuma ya nyumba ilitoka muzuri. Ku sursi siendake tena, minachota ku pompi. Inanuka chuma lakini minazoea. Bukari inakuwa nyeusi-nyeusi, utacheka. Mwana wa jirani njo ananiletea. Mwembe ule ulikatwa, unakumbuka ule ulianguka pale juu, walichoma makala. Salimia batoto bote, moja moja.”

Binti alikuwa anaanika nguo wakati tulisoma. Pale tulifika ku pompi, aliacha. “Soma tena pale.” Tukasoma tena. Akakaa chini. “Ni mguu,” alisema. “Mguu njo unamuuma. Hawezi tena kushuka ku sursi, na hawezi hata kwenda ku pompi, mwana wa jirani njo anamuletea.”

Siye tulikuwa tumeandika: Maji, pompi, ndiyo. Mu raporti ile ilikuwa mstari mzuri. Mtu mzima aliyekataa maji yale maisha yake yote sasa anayanywa, na siye tulihesabu ni maendeleo. Tunaomba musielewe vibaya: pompi ni kitu kizuri, inasaidia kijiji, wale walioichimba walifanya kazi. Lakini jibu lile “ndiyo” lilificha mguu.

Binti alimtuma kijana wake mkubwa. Aliuza magunia ya makala kwa bei ya hasara kulipa kamyo. Kijana alikuta nkambo na kidonda chini ya mguu, amekifunga na kitambaa, anasema hakuna neno. Walimpeleka mu lopitali na pikipiki. Munganga alisema kama angekuja mbele, mguu ungepona wote. Alipoteza vidole viwili. Leo anatembea na fimbo, na anagombeza watu sawa zamani.

Miezi tano. Mu daftari yetu ya siku ya kwanza, ile tuliyoandikia haraka mbele ya kujaza fomu, neno “sursi” liko. Alikuwa amelisema tayari. Siye njo tulilikata.

Mu vita kuu ya pili ya dunia, Msalaba Mwekundu wa Genève ulipitisha barua za raia ambazo hazikupita maneno 25. Maneno 25! Nkambo wetu anayamaliza mbele ya kumaliza kukuuliza ulilala namna gani. Lakini wale walikuwa na sababu: nchi zilikuwa mu vita, kila karatasi ilipita mu mikono ya wakaguzi, karatasi zilikuwa milioni na milioni. Siye hakuna aliyetukagua. Tulikuwa tu tumechoka, na fomu ilikuwa na mistari ine.

Kuna habari ingine ya barua hizi, na hii hatukuisema ku mkutano, kwa sababu binti alikuwa amekaa mu salle. Ametupa ruhusa ya kuiandika.

Binti anajua kuandika, alisoma mpaka mwaka wa sita kule Kala. Jibu lake la kwanza aliliandika mwenyewe. Mbele ya kutupatia karatasi alituambia: “Mutoto wangu wa mwisho alikufa na surua. Mama hajue. Musimwambie.” Ilikuwa mu ile epidemi ya 2019 na 2020, iliyoua batoto zaidi ya 7,000 mu Congo yote. Nkambo alikuwa Mantapala wakati ule. Tulijiuliza sana njiani. Siye ni wasomaji tu, habari si yetu. Lakini mtu akikuuliza uso kwa uso utajibu nini?

Tulimsomea nje, chini ya paa la jiko. Barua ilikuwa na salamu mwishoni, jina la kila mtoto, na kila jina lina neno moja: huyu anasoma, huyu meno yametoka, huyu ni mkaidi. Nkambo alihesabu na vidole vya mkono. Majina yaliisha ku kidole cha ine. Alibaki ameshika cha tano. Siye tuliangalia karatasi sawa vile kuna maneno mengine yamebaki pale. Akasema: “Basi. Soma mbele.” Hakukuwa tena mbele. Tulirudia mstari wa mihogo.

Siku ya pili alituita aseme jibu lake. Yalikuwa mambo ya kuku, ya paa, ya kijana aliyekula sana wakati alikuja kumwangalia. Mwishoni alisema tuandike: “Salimia bale bane. Na ule wa tano, minajua kwenye eko, nilimuombea.”

Binti aliposikia maneno yale alilia, halafu alisema anasikia mwepesi. Tangu 2019 alikuwa anabeba ile siri peke yake.

Sasa tufike ku jambo lililo mezani. Komite inajiuliza kama ni lazima kuendelea na barua ndefu. Hesabu yao ni ya kweli, hatuikatai. Na fomu, mtu mmoja aliweza kuzunguka nyumba nyingi kwa safari moja. Na kaye, hafiki hata nusu. Saa moja kwa mzee, wengine saa mbili, na wako wanaokuomba urudi kesho kwa sababu wamekumbuka kitu usiku. Raporti zinachelewa. Marafiki wanaotusaidia wanataka namba, na wana haki, hata wao wanaulizwa kule kwao.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, fomu ibaki ku raporti, lakini isisomwe tena kwa familia ku nafasi ya barua. La pili, tupate wasaidizi mu kila kijiji, vijana wanaojua kuandika, ili yule anayepanda kutoka Lubumbashi akute barua zimekwisha kuandikwa. Mwana wa jirani wa nkambo, yule anayemletea maji, ameanza tayari. Anaandika herufi kubwa tupu na anabana mistari, lakini hakati neno. Tulimuuliza nani alimfundisha. Alisema nkambo anamwambia: “Nilisema maneno ngapi? Rudia.” Akikosa moja, anaanza upya. Ya kwake tunaitunza ku ofisi, mwenye kutaka kuiona aje.

Gharama ni kaye, biki, mifuko ya plastiki ya kufunikia karatasi mu mvua, na nauli. Mwekahazina ana karatasi ya hesabu.

Barua ya mwisho ya nkambo ilifika wiki mbili zilizopita. Ile kuku iliangua saba. Anauliza kama makala ya Ruashi imepanda bei, na kama kijana mkubwa amerudi masomoni baada ya safari ile, maana mu barua tatu hakuna mtu aliyemjibu swali hilo. Tulimuuliza binti naye. Alisema atajibu mwenyewe.

Kamyo inaondoka Alhamisi asubuhi. Wenye barua za Pweto, Kilwa na vijiji vya njiani wazilete ku ofisi mpaka Jumatano saa sita ya mchana. Asiyejua kuandika aje mapema, tutakuwa watu watatu, na viti viko.