Mfanyakazi Baina ya Dhulma na Fujo

(Matini ya muhadhara uliotolewa kwa vijana na wafanyakazi baada ya Sala ya Alasiri, kuelekea Mei Mosi)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyejiharamishia dhulma na akaifanya kuwa haramu baina ya waja wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyechunga kondoo kwa ujira kabla ya kupewa Utume, pamoja na ahali zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani,

Vijana wetu walioko vyuo vikuu na viwandani siku hizi wanasoma vitabu vya mapinduzi, kisha wanatujia na maswali. Wapo wanaosema kwamba kila dola ni chombo cha dhulma, na kwamba mnyonge hatapata haki mpaka mamlaka yote yaondoke. Upande wa pili wapo ndugu zetu wa misikitini wanaosema kwamba aliyedhulumiwa kazi yake ni kusubiri na kuomba dua, na kwamba wafanyakazi wakikusanyika kudai haki yao kwa pamoja wameingia katika uasi. Kauli zote mbili tunaziona zina kasoro, na anayeumia baina yake ni mtu aliyemaliza mwezi akifanya kazi na mkono wake ni mtupu. Basi tuitazame mada hii kwa utulivu, tukianza na historia, kisha tukaja kwenye fiqhi.

CHIMBUKO LA MEI MOSI

Tarehe 1 Mei 1886, wafanyakazi katika miji mingi ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Tarehe 3 Mei, mjini Chicago, polisi waliwapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Kesho yake usiku, katika mkutano wa kulaani mauaji hayo kwenye uwanja wa Haymarket, mtu asiyejulikana hadi leo aliwarushia polisi bomu. Watu wanane walishitakiwa. Haikuthibitishwa kwamba yeyote kati yao ndiye aliyelirusha, lakini wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887, na wa tano alikufa gerezani siku moja kabla. Watatu waliobaki walisamehewa mwaka 1893 na gavana wa Illinois, John Altgeld, aliyeandika kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Mwaka 1889 mkutano wa wasoshalisti mjini Paris ulipitisha kwamba 1 Mei iwe siku ya madai ya wafanyakazi duniani.

Watu wale wa Chicago walijulikana kuwa waanarkisti. Waarabu wa leo huiita itikadi hiyo fawdhawiyya, yaani ya fujo, na wengine huiita laa-sultawiyya, yaani ya kutokuwa na mamlaka. Jina la pili ndilo lililo karibu zaidi na wanachokisema wenyewe, kwani neno lao la asili la Kiyunani maana yake ni kutokuwa na mtawala. Insafu ni kumhukumu mtu kwa anachokisema, hata kama hatukubaliani naye.

MZOZO WA MARX NA BAKUNIN

Mwaka 1864 iliundwa London Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Ndani yake wakagongana watu wawili, Karl Marx na Mrusi Mikhail Bakunin. Marx aliona kwamba wafanyakazi lazima waishike dola, waitumie kuwaondoa wenye mali, na baadaye dola yenyewe itatoweka. Bakunin akamjibu kwamba dola haitowekei mikononi mwa anayeishika: mfanyakazi akishakaa kwenye kiti cha enzi hatakuwa mfanyakazi tena, atakuwa bwana mpya. Katika mkutano wa The Hague mwaka 1872 Bakunin alifukuzwa.

Historia ilimpa ushahidi. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, mabaharia wa Kronstadt, waliokuwa mstari wa mbele wa mapinduzi yale, walidai mwezi Machi 1921 kwamba mabaraza ya wafanyakazi yachaguliwe upya kwa uhuru. Serikali iliyotawala kwa jina la wafanyakazi ikawatumia jeshi na kuwavunja. Lakini historia haikumwachia Bakunin ushindi mzima. Huko Hispania, mwezi Julai 1936, wafuasi wa fikra zake walishika viwanda na tramu za Barcelona na kuziendesha wenyewe. Kabla mwaka haujaisha, mwezi Novemba, hao waliokanusha serikali walitoa mawaziri wanne katika serikali, kwa sababu vita haviendeshwi bila amri. Na katika miezi ile ya kutokuwepo mamlaka, maelfu ya mapadri na watawa waliuawa. Muislamu hafurahii hilo, kwani Qur'ani katika Suratul Hajj, aya ya 40, imezitaja nyumba za ibada za watu wa Kitabu pamoja na misikiti miongoni mwa zinazolindwa zisibomolewe.

MASWALI HAYA SI MAPYA KWETU

Baadhi ya vijana hudhani kwamba maswali haya yamezaliwa Ulaya. Mwaka 37 Hijria, baada ya vita vya Siffin, Makhawarij walimtoka Sayyidna Ali (r.a.) wakisema kwamba hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Naye akajibu kwamba hilo ni neno la haki lililokusudiwa batili. Wakaanza na kaulimbiu ya uadilifu, wakaishia kumwaga damu ya Abdullahi bin Khabbab, mtoto wa Sahaba, na hatimaye ya Ali mwenyewe.

Miongoni mwao likatokea kundi la Najdat, wafuasi wa Najda bin Amir, lililosema kwamba watu hawalazimiki kuwa na imamu wakiwa wanatendeana haki. Na katika Muutazila alikuwepo Abu Bakr al-Asamm, aliyeona kwamba watu wakiacha kudhulumiana watatosheka bila mtawala. Imamu al-Qurtubi, anapofasiri aya ya 30 ya Suratul Baqara, anamtaja huyu kuwa ndiye aliyekhalifu katika wajibu wa kuweka imamu, na anamtania kwa jina lake, maana asamm ni kiziwi.

Jawabu la jumhuri ya wanavyuoni liko wazi. Sharti lile la watu kuacha kudhulumiana ndilo lisilopatikana, na ndiyo sababu mtawala akahitajika. Hata hivyo wanavyuoni hawakumwachia mtawala hatamu. Utiifu kwake una mpaka, nao ni kwamba hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Na waumini wamesifiwa katika Suratu Shuura, aya ya 38, kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Kwa hiyo onyo la Bakunin juu ya mtawala tunalikubali, na dawa yake tunaikataa.

FUNDI ANA CHA KUZUIA, HAMALI HANA

Sasa tuje kwenye fiqhi ya ujira. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anajitangaza kuwa ni hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Yatosha kwa mwenye akili: nani atashinda kesi ambayo Mola wake ndiye mdai?

Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wana mas'ala moja katika mlango wa ijara ambayo tunawaomba muizingatie. Wanasema kwamba fundi ambaye kazi yake inaacha athari katika kitu chenyewe, kama mtia rangi nguo, ana haki ya kukizuia kitu hicho mpaka alipwe. Ama hamali na mwenye chombo cha kuvusha mizigo, hawana haki ya kuuzuia mzigo, kwa kuwa kazi yao haiachi athari ndani ya mali.

Fikirini, ndugu zangu. Fundi ana kitambaa mkononi. Hamali akishaushusha mzigo, mkono wake hauna kitu. Silaha pekee aliyobaki nayo ni kesho yake, yaani kutoubeba mzigo mwingine. Na akikataa peke yake, huitwa mwingine mwenye njaa zaidi. Hapo ndipo inapofahamika kwa nini makuli wa bandari zetu walishikana.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Takriban wafanyakazi 15,000, wa bandari, reli, hoteli na majumbani, waligoma kwa siku 12. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa, wasio na akiba wala mkataba. Mgomo ule ulizaa chama chao, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda baraza la kusikiliza madai ya mishahara. Mwezi Agosti mwaka huohuo ikamkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, na kumhamishia mbali. Mwezi Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara. Chama chao kiliposimama, katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes, kijana Muislamu ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Hawa hawakusubiri nadharia kutoka Ulaya. Walijua bei ya unga na walijua ujira wao.

Kisha likaja jambo linalotukumbusha Kronstadt, ingawa hapa halikumwaga damu. Baada ya uhuru, mwaka 1964, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lilivunjwa kwa sheria, ikaundwa NUTA pekee, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Waziri wa Kazi mwenyewe. Ikawa mdai na mdaiwa wanakaa kiti kimoja. Hatusemi haya kwa kuwatukana waliotangulia, tunasema ili ijulikane kwamba chama cha wanyonge kikikabidhiwa kwa wakubwa hubaki jina.

JE, MGOMO NI UASI?

Wanaoharamisha kila mgomo huleta hoja ya khuruj, yaani kumtokea mtawala. Lakini khuruj ni kunyanyua silaha au kuvunja baia. Mfanyakazi anayesema kwamba hatauza jasho lake mpaka alipwe deni lake hajagusa utawala wa mtu, yuko ndani ya mlango wa ijara. Hapa lazima tufafanue, maana hukumu hufuata hali.

Kwanza, mkataba ni amana. Suratul Maida inaanza kwa kuamrisha kutekeleza ahadi. Ikiwa mwajiri ametimiza aliyoyakubali, mfanyakazi naye atimize, na akitaka ziada aiombe kwa makubaliano mapya.

Pili, mwajiri akivunja mkataba kwa kuzuia ujira, amejivunjia mwenyewe haki ya kudai kazi zaidi.

Tatu, kuharibu mali, kumpiga asiyegoma, au kumwacha mgonjwa afe kitandani ni haramu, kwa kuwa dhulma haiondolewi kwa dhulma.

Nne, palipo na njia ya sheria ifuatwe. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaruhusu wafanyakazi wasiopungua 20 kuunda chama, na inaweka usuluhishi kwanza, kisha ilani ya saa 48 kabla ya mgomo halali. Kenya, ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitambua haki ya kugoma. Kuijua haki hii ni katika elimu yenye manufaa.

MKATABA WA FUDHUL

Makka ya zama za Jahiliyya haikuwa na mfalme, wala polisi, wala jela. Lau kutokuwepo dola kungetosha kuleta uadilifu, basi ungekuwa umepatikana pale. Akaja mtu wa Zabid kutoka Yemen na bidhaa zake, al-As bin Wail akazinunua na asimlipe, akitegemea nguvu ya kabila lake. Yule mgeni akapanda jabali la Abu Qubays akapaza sauti. Wakakusanyika watu wa koo kadhaa katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka apewe haki yake, kisha wakamwendea al-As wakaichukua haki na kuirudisha. Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya Utume akasema kwamba lau angeitwa kwenye mkataba kama ule katika Uislamu, angeitikia.

Zingatieni: hawakungoja mtawala mwadilifu, wala hawakuibomoa Makka. Walifungamana juu ya jambo moja linalojulikana, wakaenda mpaka kwenye mlango wa mwenye kudaiwa.

Basi tunapendekeza kila msikiti na kila soko letu liwe na fungamano kama hilo: watu wachache waaminifu, waajiri na waajiriwa, watakaopokea lalamiko la ujira uliozuiwa, wamwendee mhusika kwa nasaha, na akikataa wamsindikize mdhulumiwa mpaka kwenye Tume ya Usuluhishi. Mikataba iandikwe, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Na kazi ianzie nyumbani kwetu. Wapo maustadhi wa madrasa, wapishi wa mabweni na walinzi wa misikiti ambao huambiwa miezi mitatu mfululizo kwamba malipo yao yako kwa Mungu. Malipo ya Akhera ni ya Mwenyezi Mungu kuyatoa. Mshahara wa mwezi ni deni la kamati. Harakati inayowalingania watu kwenye islahi, hali ya kuwa mpishi wake anakopa unga, itasikilizwa na nani?

Kijana atakayeona haki inasimama msikitini hatakuwa na haja ya kuitafuta kwa Bakunin. Asiyeiona, hatutaweza kumlaumu kwa kuondoka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuepushe kuwa madhalimu na kuwa wasaidizi wa madhalimu, na awape waja wake wanyonge haki zao duniani kabla ya Akhera. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.