Jeki Huinua, Haishikilii: Mazungumzo kwa Wenye Trekta Ndogo, Dagoretti

Katika mashamba ya Mutu-ini na Uthiru, maharagwe yakipandwa kwa mistari ya sentimita 50, trekta yenye sentimita 100 kutoka katikati ya gurudumu moja hadi katikati ya la pili hupita bila kukanyaga mmea. Ndiyo maana magurudumu husogezwa. Hatari iko kwenye jeki.

Udongo mwekundu wa huku ukilowa, jeki huzama upande mmoja na trekta ikaanguka. Fanyeni kazi kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare. Zimeni injini, kazeni breki, wekeni kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Legezeni nati kabla ya kuinua. Anayevuta spana trekta ikiwa juu anaisukuma mwenyewe.

Ekseli ya mbele huyumba katikati kama mizani. Nyuma ikiinuliwa, pigilieni kabari za mbao kati ya ekseli hiyo na fremu, pande zote mbili. Kisha trekta ikae juu ya stendi za chuma. Mawe ya kujengea hupasuka ghafla, hata kama fundi wa jirani ameyatumia miaka yote.

Tairi lililojazwa maji ni zito. Lisibebwe na mtu mmoja. Nati zikazwe tena baada ya saa chache za kulima.