Maji Kwanza, Vitanda Baadaye: Maandalizi ya Kufungua Nyumba ya Wageni Isiyotegemea Gridi Ugenini



Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mtu anayekwenda katika nchi isiyo yake kujenga nyumba ya wageni inayolinda mazingira, mahali ambapo hapana nguzo ya umeme wala bomba la maji. Mada ni pana na muda ni mfupi, kwa hiyo nitashikilia hoja moja. Idadi ya vitanda haiamuliwi na benki wala na mchoraji wa ramani, bali na maji. Anayeanza kwa kuhesabu vitanda, kisha akatafuta maji ya kuvitosheleza, ataishia kujenga hoteli ya kawaida yenye paneli za sola juu ya paa, na gharama yake watailipa majirani.

Mfano wa Chumbe

Mfano wangu unatoka Zanzibar. Chumbe ni kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe, kama kilomita 12 kusini mwa Mji Mkongwe. Hakina mto wala maji matamu ya kuchimba. Waingereza walijenga mnara wa taa pale mwaka 1904, na kwa miaka mingi kisiwa hakikuwa na wakazi isipokuwa walinzi wa mnara. Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, mwanamke wa Kijerumani, alianza kufuatilia wazo la kukihifadhi kwa fedha zitakazotokana na wageni. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyatangaza matumbawe ya upande wa magharibi kuwa hifadhi ya bahari chini ya usimamizi binafsi. Wageni walianza kupokelewa mwaka 1998.

Naomba tuitazame miaka hiyo: 1991 hadi 1998. Miaka saba ilipita kati ya wazo na mgeni wa kwanza, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye mazungumzo, vibali, na ujenzi mahali ambapo kila mfuko wa saruji lazima upakiwe kwenye chombo na kushushwa ufukweni. Mwenye mpango wa kufungua baada ya mwaka mmoja, kwa mkopo unaoanza kulipwa mwaka wa pili, aurekebishe kabla hajakata tiketi ya ndege.

Kilichojengwa ni mabanda saba tu ya wageni. Paa la makuti la kila banda limetengenezwa likusanye mvua. Maji hupita kwenye chujio na kuingia katika birika lililo chini ya sakafu, kisha hupandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto kwa jua. Choo ni cha mboji: hakitumii maji, na baada ya kila matumizi mtu hutia majani makavu. Maji ya kuogea huishia kwenye kitalu cha mimea inayofyonza virutubisho, ili visiteremke baharini na kurutubisha mwani unaosonga matumbawe. Taa ni za umeme wa jua. Kila banda linajitegemea kwa maji yake, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika usanifu ule, kwa sababu banda haliwezi kutumia maji ambayo paa lake halikuyapokea.

Hesabu ya maji

Sasa tuchukue kalamu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Tuchukulie paa la mita za mraba 100 mahali panapopata milimita 1,500 kwa mwaka. Hizo ni lita 150,000. Makuti hunywa maji, gata hufurika, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi lazima imwagwe nje kwa sababu hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tukikubali kubaki na asilimia 70, tuna lita 105,000.

Wageni wawili wanaotumia lita 60 kila mmoja kwa siku watahitaji lita 43,800 kwa mwaka mzima. Hapo wengi hufunga daftari wakifurahi, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu mvua haigawanyiki sawasawa katika mwaka. Masika hujaza birika na kulifurisha. Kisha kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ambayo watalii wa Ulaya wako likizoni, mawingu mengi hupita bila kitu. Siku 120 zikiwa kavu kabisa, banda hilo linahitaji akiba ya lita 14,400. Ukiweka choo cha kuvuta chenye lita 9 kwa kila mvuto, na kila mgeni akavuta mara tano kwa siku, unaongeza lita 90 kila siku. Akiba inayotakiwa inafika lita 25,200. Choo peke yake kimekaribia kukulazimisha ujenge birika la pili.

Mwingine husema, basi tuweke bwawa dogo la kuogelea, wageni wanalipenda. Bwawa la mita za mraba 50 katika jua na upepo wa pwani hupoteza kama milimita 5 kwa siku kwa mvuke tu, yaani lita 250 kila siku. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya matumizi ya wageni wawili kwa kuoga, kupiga mswaki na kufuliwa nguo. Na wafanyakazi je? Mpishi, mfuaji, mlinzi na nahodha wanaoga, wanatawadha, wanapika chakula chao. Nimeona michoro mizuri sana ambamo watu hawa hawana hata lita moja.

Jibu la haraka ni kuchimba kisima. Kwenye ardhi ya matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya maji. Kanuni inayojulikana na wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba usawa wa maji matamu ukishuka mita 1, mpaka wa chumvi chini yake hupanda karibu mita 40. Pampu ya umeme inayofanya kazi usiku kucha kwa ajili ya nyumba ya wageni inaweza kuharibu visima vya kijiji kizima, na chumvi ikishaingia haitoki kwa msimu mmoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji ambaye kisima chake kimeingia chumvi hajapona.

Kuhusu umeme

Hapa nitapita kwa kifupi, kwa kuwa mafundi wa sola wapo na vifaa vimeshuka bei. La msingi ni kupunguza mahitaji kabla ya kununua paneli. Taa nne za wati 5 kwa saa tano, pamoja na feni ya wati 50 kwa saa nane, zinatumia nusu yuniti kwa usiku. Kiyoyozi cha kilowati 1 kikiwaka saa nane kitakula hadi yuniti nane. Banda lililojengwa likipokea upepo wa kusi na wa kaskazi halihitaji kiyoyozi. Pima paneli kwa mawingu ya masika, si kwa jua la Januari. Ukishindwa, funga msimu huo na uuweke wazi kwenye bajeti, kama ambavyo Chumbe yenyewe imekuwa ikifunga wakati wa masika. Ukinunua betri za risasi, usizishushe chini ya nusu ya ujazo wake. Vifaa vyote vya pwani, kuanzia skrubu hadi inveta, vikingwe na hewa ya chumvi.

Ardhi na vibali

Kwa mgeni, sheria ya ardhi ndiyo inayotangulia jiwe la kwanza. Zanzibar, ardhi ni ya umma na mwekezaji wa nje huipata kwa mkataba wa ukodishaji. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Anayekushauri uandikishe kiwanja kwa jina la rafiki mwenyeji anakuingiza wewe na rafiki yako hatarini, na wa kwanza kuumia atakuwa rafiki.

Kisha kuna tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na mamlaka za mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar na NEMA kwa Kenya. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, mtoni au ziwani. Tathmini ifanyike kabla ya mchoro wa mwisho. Ikifanyika baadaye inakuwa karatasi ya kuhalalisha yaliyokwisha kuamuliwa, na maofisa wa mazingira wanaijua karatasi ya namna hiyo wakiiona.

Majirani

Ufukwe unaouona mtupu una wenyewe. Mahali palipo pweke wakati wa kusi huenda pakawa dago la wavuvi kaskazi ikianza. Maji yakitoka, wanawake huingia kwenye miamba kutafuta pweza na kukagua mwani wao. Kuna njia ya kwenda kwenye makaburi, na kuna mti ambao hakuna atakayekwambia habari zake mpaka akuamini. Kwa hiyo mwekezaji akae mahali hapo misimu yote miwili, aanze kwa sheha au mwenyekiti wa kijiji, kisha awasikilize wavuvi na wanawake wakiwa peke yao, kwa sababu kwenye mkutano wa hadhara wanawake wengi hunyamaza.

Chumbe ilichukua wavuvi wa vijiji vya jirani na kuwafundisha kuwa walinzi wa hifadhi. Hawana silaha, kazi yao ni kumfikia mvuvi mwenzao na kumweleza kwamba samaki wanaozaliana ndani ya hifadhi hutoka nje na kuvuliwa. Wanafunzi wa Zanzibar pia hupelekwa kisiwani kuyaona matumbawe, jambo ambalo kwa wengi wao ni mara ya kwanza ingawa wamezaliwa pwani. Nalihesabu hili kuwa sehemu ya ujenzi, sawa na birika. Kijiji kikipata ajira za kudeki na kubeba mizigo pekee, hakitakuwa na sababu ya kuilinda nyumba yako siku watakapokuja wavuvi wa baruti.

Fundi wa pampu, wa sola na wa choo cha mboji watoke hapohapo, wafundishwe tangu vifaa vinapofungwa, na vipuri vikae ghalani.

Kazi ya vikundi

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi vinne. Kila kikundi kitapewa takwimu za mvua za mwezi kwa mwezi za mahali pamoja: Mafia, Lamu, Pemba na Kilwa. Anzeni na mwezi mkavu kuliko yote. Pigeni hesabu ya wafanyakazi kwanza, kisha jikoni, kisha ufuaji, na maji yatakayobaki kwa kila siku yagawanyeni kwa lita 60. Jibu mtakalopata ndiyo idadi ya vitanda. Naomba kila kikundi kiilete ubaoni kama ilivyo, hata ikiwa ni vitanda vinne, na ndipo tuanze kuzungumzia bei ya chumba.