Kuchekesha Nako ni Kazi



Nimeombwa nieleze kwa nini mtu mzima kama mimi anaishi kwa kuchekesha watu. Nilianza kwa kusikiliza. Pwagu na Pwaguzi, waliovuma katika Radio Tanzania Dar es Salaam, hawakuwa na sura wala mavazi ya kuwasaidia. Walikuwa na sauti tu, na kwa sauti hizo msikilizaji aliwaona.

Baadaye nikamwona marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018. Wengi hudhani alichekesha kwa maneno. La hasha! Mtazameni tena: huambiwa jambo, hunyamaza, humkazia macho mwenziwe, na watu huwa wamekwisha kucheka kabla hajajibu. Nilimwiga hapa hapa Elerai, nikayasema maneno yake yote bila kukosea. Hakucheka mtu, isipokuwa mke wangu, naye kwa huruma. Nilikuwa nimechukua maneno, nikauacha ule ukimya.

Ndugu walimu, ninalo ombi. Yule mtoto anayeuiga mwendo wenu mkigeukia ubao, msimkimbilie na fimbo. Mimi nilichapwa kwa kosa hilo, nikaacha kuigiza kwa miaka mingi, na miaka hiyo sikurudishiwa. Mpeni nafasi siku ya wazazi. Mwambieni atunge mchezo, aufanyie mazoezi, afike mapema. Nami nitakuja kumtazama, na kama kuna kiingilio, nitalipa.