Siha ya Mwanafunzi na Faida ya Kuulizana

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka kwa niaba ya wanafunzi wa vyuo wanaosaidiwa na Chama



Katika kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka mtaona hesabu za Chama, shilingi kwa shilingi, na chini yake sahihi ya mkaguzi. Mtaona pia matokeo ya mitihani yetu sisi mnaotulipia karo, kila mmoja na alama zake. Hayo ni mema, wala hatuyanung'unikii. Mtu ajuaye kwamba ataulizwa juu ya fedha huishika fedha kwa uangalifu, na mwanafunzi ajuaye kwamba alama zake zitasomwa mbele ya wazee hufungua kitabu hata siku asiyopenda. Lakini iko mali moja ambayo Chama kimeipeleka vyuoni bila mkaguzi, nayo ni miili yetu. Hiyo ndiyo tuliyokuja kuisemea.

Kijana akiwa kwao hana haja ya mkaguzi. Mama huiona sahani iliyorudi na chakula. Baba humwamsha alfajiri. Kuchota maji, kufuata mifugo na kutumwa huku na huku ni mazoezi ya viungo, ingawa hakuna ayaitaye hivyo. Akiingia chuoni, iwe ni Chuo Kikuu cha Garissa, au chuo cha utabibu hapa mjini, au vyuo vya Nairobi na Eldoret, macho hayo yote hubaki nyuma. Hukaa darasani, hukaa maktaba, kisha hukaa kitandani na simu mkononi mpaka usiku wa manane. Asubuhi hapati chakula kwa kuwa amechelewa kuamka. Saa nne hununua mandazi na chai ya sukari vijiko vinne. Alasiri hunywa soda kwa ajili ya joto, na joto la Garissa mwalijua, kwani mara nyingi hupita nyuzi 35. Hakuna mtu aliyemkataza kutembea, kulala mapema au kunywa maji. Hakuna aliyemuuliza tu.

Wala tusidhani kwamba kinachokosekana ni elimu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima apate kila juma dakika 150 angalau za mwendo unaoharakisha pumzi, na siku mbili za kazi ya kutia misuli nguvu. Hizo dakika ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano, yaani kutembea kwa haraka kidogo. Tena uchunguzi uliofanywa katika Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi hawali matunda na mboga kwa kiasi kinachoshauriwa. Maradhi ya namna hii mara nyingi huanza kimya kimya mtu akiwa kijana, yakaja kujulikana akiwa na miaka arobaini, wakati jamaa zake wanamtegemea. Anayesomea utabibu aweza kuyaandika haya yote katika mtihani akapata alama nzuri sana, kisha asilale mpaka saa tisa za usiku.

Basi dawa ni nini? Twaona kwamba haina haja ya kutafutwa mbali, maana nchi hii yetu ya Kaskazini Mashariki iliwahi kuufundisha ulimwengu jambo hili hili.

Wazee wa Wajir wanalijua jina la Annalena Tonelli, Mwitalia aliyesomea sheria kwao, akafika Kenya mwaka 1969 kufundisha, kisha akafanya makao yake Wajir. Hakuwa daktari. Taabu iliyokuwako ilikuwa hii: mgonjwa wa kifua kikuu alianza dawa, akapata nafuu, kikohozi kikapungua, mvua ikanyesha, naye akawafuata ngamia wake malishoni, na dawa ikakatika njiani. Ugonjwa ukarudi, na ukirudi hivyo waweza kurudi mkaidi kuliko mwanzo. Mwaka 1976 mama huyo alipewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji wanaohamahama. Njia iliyotumika ni nyepesi kuieleza. Wagonjwa walijenga nyumba zao, nyumba za kifugaji kama walizozizoea, karibu na mahali pa tiba, ikawa manyata. Wakakaa humo wakati wa matibabu, na kila mmoja akaimeza dawa yake mbele ya macho ya mtu mwingine. Watu waliokuwa wakisemwa kwamba hawatibiki kwa sababu hawatulii mahali pamoja, wakamaliza dawa wakapona. Katika miaka ya 1990 Shirika lile lilipoeneza duniani kote desturi ya kumeza dawa mbele ya msimamizi, Wajir ilikuwa imekwisha kuizoea. Mama huyo aliuawa Borama mwezi wa Oktoba 2003, mwaka ule ule aliopewa tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi.

Twaomba wazee waitazame vizuri hekima ya manyata ile. Mgonjwa alijua tangu zamani kwamba dawa humezwa mpaka iishe. Kilichoongezwa ni jicho. Nalo halikuwa jicho la askari, kwani mgonjwa alikuwa katika nyumba ya namna yake, miongoni mwa watu wa lugha yake. Aliangaliwa bila kufungwa. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi tutairudia hapa chini.

Mama zetu nao wana ayuuto yao. Wanawake kumi hutoa fedha sawasawa kila juma, na mmoja hupokea kwa zamu. Hakuna hati wala wakili, lakini ni vigumu kumwona mwenye kukosa, maana wenzake tisa wanamngoja. Na mwezi wa Ramadhani nani asiyeona ajabu yake? Kijana ambaye mwaka mzima hawezi kuamka saa kumi na mbili, huamka usiku kula daku, kwa sababu nyumba nzima imeamka. Hata Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na zaidi huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alizungukwa na wenzake 41 waliopokezana kumshikia mwendo. Naye anajulikana kwa kuandika kila zoezi lake katika daftari. Ikiwa mtu kama huyo ahitaji daftari na wenzake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajiwezaje peke yake?

Shauri letu ni hili. Kila mwanafunzi wa Chama awe na mwenzake mmoja katika chuo kile kile, mvulana kwa mvulana na msichana kwa msichana. Wawe na daftari moja, na humo kila mmoja aandike yale aliyoahidi kwa juma hilo: atatembea au kukimbia siku ngapi, atalala saa ngapi, atakunywa chai ya sukari mara ngapi. Ahadi ziwe chache na ndogo. Anayeahidi kukimbia kila siku ya maisha yake huacha siku ya nne. Jioni moja katika juma wakutane, daftari lifunguliwe, kila mmoja amuulize mwenzake. Wakati wa mazoezi uwe baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, au saa kumi na moja jioni; saa sita ya Garissa si wakati wa kukimbia kwa mtu mwenye akili.

Mahali pawe ndani ya uwanja wa chuo. Hatukusahau tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika chuo kikuu cha mji huu, wengi wao wanafunzi. Masomo yalirudi Januari 2016, na mwaka 2017 chuo kikapewa hati yake kamili. Lakini tangu siku ile, swali la kwanza la mzazi anayepiga simu ni kama mtoto wake yu salama. Ni swali la haki, na halina budi kuulizwa. Tunalosikitikia ni kwamba baada ya swali hilo simu hukatwa. Mtoto yu salama, lakini hajala tangu jana, na hakuna ajuaye.

Juu ya wasichana twataka kusema wazi zaidi. Uwanja wa mpira kwa desturi hushikwa na wavulana, na msichana mwenye kujisitiri hana pa kuchezea bila kutazamwa. Kumwambia afanye mazoezi bila kumpa mahali wala saa yake ni kumdhihaki. Tungependa Chama kiviandikie vyuo barua, kiombe saa maalumu za wasichana katika kumbi na viwanja vyenye ua.

Juu ya miraa pia tusifichane. Huondoa hamu ya chakula, hufukuza usingizi, hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na humla mwanafunzi fedha ambazo zingemnunulia maziwa. Wengine huitafuna wakati wa mitihani wakidhani yasaidia, lakini usingizi uliofukuzwa usiku huja kudai haki yake asubuhi, katika chumba cha mtihani. Mwenzake mtu huliona jambo hili mapema kuliko mlezi aliye mbali.

Sasa ile tofauti ya kuangalia na kufunga. Kuulizana kukigeuka upelelezi kutakufa kabla ya muhula kwisha. Yaliyomo katika daftari ni ya wale wawili. Katibu asipelekewe ila neno moja tu, kwamba wamekutana au hawakukutana. Tena tuulizane matendo, tusiulizane uzito. Wapo wasichana na wavulana ambao kwa kuogopa mizani huacha kula, na huo ni ugonjwa mwingine. Na mwenye maradhi, au mwenye huzuni isiyokwisha, hiyo si kazi ya daftari. Mwenzake amsindikize kwa mganga wa hospitali.

Wazee wetu, kuna jambo moja ambalo huenda likaonekana kama upungufu wa adabu, nalo twalisema kwa heshima yote. Kama mtatuuliza, turuhusuni nasi tuwaulize. Kijana hataamini kwamba sukari ina madhara ikiwa bilauri ya chai ya mzee imejaa sukari mpaka nusu. Turudipo likizo tupeni ruhusa ya kuuliza ni lini mlipimwa damu mara ya mwisho, na kama vidonge mlivyopewa hospitalini vinamezwa, au vimewekwa sandukuni kwa sababu kichwa hakiumi tena. Wengi wetu tumekuwa mbali na babu na bibi zetu, na swali kama hilo lingetufaa hata sisi tunaoliuliza.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano maombi matatu yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, fomu ya kila muhula inayoandikwa alama iongezwe mstari mmoja wa kuulizana. La pili, barua za viwanja vya wasichana tulizokwisha kuzitaja. La tatu, Chama kinunue kipimo kimoja cha shinikizo la damu kikae ofisini, na wanafunzi wetu wa utabibu wakati wa likizo wawapime wanachama bila malipo kila Jumamosi asubuhi. Majina ya wanafunzi wawili wawili tumekwisha kuyaandika, na Katibu atakabidhiwa leo baada ya mkutano.